Sita, Nane

Kabla ya Februari ile, Kiswahili nyumbani kwetu Masaka
kilikuwa na maneno manne tu:
simama, lete, lala, kimya.
Mama aliyajua kwa magoti yake, pale kizuizini,
na baba aliyajua kwa saa yake ya mkononi
ambayo haikurudi.

Neno la tano lilikuja kwa njia ya angani.
Usiku. Kwanza mpasuko mrefu,
kama fundi Ssebuggwawo akichana jora la marekani
kutoka kilima cha Kitovu mpaka bondeni Nyendo,
halafu kimya cha mtu anayevuta pumzi,
halafu ukuta ukatutemea chokaa.
"Saba saba," wakanong'ona wakubwa,
na dada yangu Feresita, aliyejua mambo,
akanifasiria gizani: saba ni musanvu.

Mimi nilikuwa na sita.
Ilibaki kulala mara nne nitimize.

Nilihesabu. Nikahesabu tena kwa vidole vya Feresita,
maana vyangu vilikuwa masikioni.
Nikamwambia mama: sitaki.
Hutaki nini?
Kutimiza.
Akadhani ni homa. Akanipapasa paji la uso
kwa kiganja chenye utomvu wa ndizi,
akasema haya, basi, baki na sita yako
mpaka wamalize.

Handaki baba alilichimba kati ya migomba.
Tulisema linafanana na kaburi, tukachapwa kwa kusema.
Ndani: sisi watano, redio isiyo na betri,
chumvi ndani ya soksi,
na kuku wa bibi akiatamia mayai tisa kapuni.
Bibi alikataa katakata kumwacha.
Siku ishirini na moja, alisema,
huyu anajua kuhesabu kuliko serikali.
Kila ardhi ilipotikisika kuku alijitanua,
akayafunika kwa kifua, macho nusu wazi,
nami nikajibanza chini ya kwapa la mama
nikijifanya yai.

Asubuhi moja hakukuwa na sauti.
Hata mbwa.
Tukatoka tukakuta mji umekuwa mfupi.
Duka la fundi lilikuwa limefunguka upande wa mbingu,
cherehani imesimama palepale,
sindano bado imeng'ata kola ya shati la mtu.
Fundi mwenyewe,
Feresita alinishika kidevu akanigeuza uso, kwa nguvu,
na hadi leo nikiona vumbi la matofali
taya huniuma.

Kisha askari. Si wale wa kizuizini, wengine.
Huyu buti lake moja lilifungwa kwa kamba ya mgomba.
Mama akainua mikono juu kabla hajaambiwa.
"Samahani, mama," akasema yule kijana. "Naomba maji."
Mama hakushusha mikono.
Hajawahi kuisikia lugha ile ikiomba.
Feresita ndiye aliyekwenda na kikombe,
akakirudisha kitupu,
na mikono ya mama ilikuwa bado iko juu.

Siku ya ishirini na moja ikapita, na ya ishirini na tano.
Bibi akalitikisa yai sikioni,
likacheza kama maji kibuyuni.
Ngurumo huua yai, alisema, nani asiyejua hilo.
Akayatupa yote tisa kwenye shimo la kombora nyuma ya choo,
akafukia kwa mguu.
Kuku akarudi kapuni,
akalalia majani makavu,
na aliyemsogelea alidonolewa.

Mwezi wa tano shule ilifunguliwa chini ya turubai.
Mwalimu alikuwa na daftari jipya na kalamu ya kuazima,
akauliza umri, mmoja mmoja.
Feresita alinitazama kutoka safu ya nyuma.

Nane, nikasema.